Makopo Yenye Lakiri

Siku Tupokigwe alipokabidhiwa lori lake mjini Iringa, mtu wa stoo alimvuta kando ya mlango wa karakana, akamwambia maneno yaliyomkaa kichwani kuliko furaha yote ya siku ile.

"Mama, gari hili lina dhamana ya mwaka mzima. Injini ikifa yenyewe ndani ya mwaka, kampuni inatengeneza bure. Lakini ikionekana umetia oili isiyotoka hapa kwetu, hata tone, dhamana imekwisha. Oili ni hii, ya makopo yenye lakiri. Nyingine yoyote ni sumu kwa gari lako." Kisha akapunguza sauti, akatupa jicho kule alikosimama dereva. "Na huyu mtu wako mchunge. Madereva wanamwaga oili nzuri, wanaiuza njiani, wanatia takataka. Mimi hapa nimeona mengi."

Mtu huyo wa stoo aliitwa Edmund. Alivaa suruali iliyopigwa pasi ikakaa, na penseli nyuma ya sikio, na alikuwa na namna ya kumwambia mtu jambo kana kwamba wao wawili tu ndio wenye akili mjini. Meneja hakuwapo siku ile. Alikuwa Dar es Salaam. Edmund ndiye aliyemwonyesha Tupokigwe lakiri yenyewe: kidonge cha risasi kilichobana waya mwembamba juu ya kifuniko. "Ukiona hiki kimekatika, jua kuna mkono umeingia."

Tupokigwe alinunua makopo ya kutosha, akayapanga miguuni pake ndani ya lori, na njia nzima mpaka Mbeya hakumwambia dereva neno la maana.

Dereva alikuwa Jailos, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Lutengano, mume wa Tupokigwe, alikufa ardhini, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia, jiwe lilipoanguka. Kampuni ya mgodi ikamlipa mjane. Wazee wa ukoo walishuka kutoka Rungwe mpaka nyumbani kwake Iyunga, Mbeya, wakakaa kwenye viti vyake, wakanywa chai yake, wakasema mali ya marehemu inunuliwe ng'ombe na mjane arithiwe na mdogo mtu. Tupokigwe alikataa yote mawili. Alikuwa Mkristo wa Moravian, mchungaji alisimama upande wake, na mdomo wake mwenyewe haukuwa wa kukopa. Akasema atanunua lori, abebe mpunga wa Usangu na viazi vya milimani, amsomeshe binti yake Ikupa. Wazee waliondoka wamenuna. Mmoja wao, akiwa mlangoni, alimwambia: "Lori halijiendeshi, mwanamke. Utamtafuta Jailos tu."

Na kweli alimtafuta. Nani mwingine? Jailos alikuwa ameendesha malori ya jeshi huko Burma, akarudi na makovu na maneno machache. Hakuna aliyemzidi kwenye barabara ile ya vumbi. Alikubali kazi bila kuuliza maswali, na hilo lenyewe lilimtia Tupokigwe wasiwasi. Mtu aliyekataliwa, akakubali kuwa mtumishi wa aliyemkataa, bila hata kununa? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Huyu anangoja. Lori likiharibika, mjane akishindwa, wazee watarudi, na safari hiyo hawatakunywa chai tu.

Kwa hiyo makopo ya oili aliyaweka ndani ya sanduku chini ya kitanda chake, akalifunga kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na shanga. Ulipofika wakati wa kubadilisha oili, alitoka na kopo mwenyewe, akakata waya wa lakiri kwa kisu cha jikoni, akasimama juu ya Jailos mpaka tone la mwisho lilipoingia kwenye injini. Oili ilishuka nyeusi, na Tupokigwe akairidhia weusi wake. Aliona ni oili yenye nguvu, kama dawa inavyokuwa na nguvu ikiwa chungu.

Jailos alichovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Shemeji, oili hii siipendi."

"Huipendi kwa nini?"

"Haina mwili. Hata mshale wa oili pale mbele haupandi inavyotakiwa. Tungetafuta nyingine ya namba hii hii. Hapa Mbeya ipo, Rujewa ipo."

Tupokigwe alihisi damu ikimpanda. Ndiyo hayo, alisema moyoni, Edmund aliyasema.

"Ili dhamana ife? Ili mwaka haujaisha niwe na chuma cha kufugia kuku? Nilijua utasema hivyo, Jailos. Nilikuwa nahesabu siku tu."

Jailos alimtazama kidogo. Alifuta kidole chake kwenye suruali, akafunika injini, na tangu siku ile hakutaja tena oili. Kila alichokisema juu ya lori, shemeji yake alikisikia kama neno la wazee wa Rungwe. Hilo Jailos alikuwa amelielewa. Lakini Tupokigwe naye aliuona ukimya ule akaupa maana yake. Mwizi akishagunduliwa, ananyamaza.

Miezi ya baridi ilipita, mpunga ukashuka kutoka Usangu gunia kwa gunia, na lori likafanya kazi. Shaka nayo ilifanya kazi yake. Tupokigwe aligundua kwamba kila baada ya kubadilishwa oili nyumbani, safari iliyofuata Jailos alichelewa Rujewa. Akimwuliza, jibu lilikuwa moja: "Kulikuwa na foleni ya mashine ya kukoboa." Alimwuliza mke wa mchuuzi mmoja aliyesafiri na lori. Mwanamke yule akasema foleni hakuiona, ila dereva alikuwa nyuma ya ghala kwa muda mrefu.

Mwezi wa Oktoba, Jailos alipokuwa amekwisha kuwasha injini kwa safari ya Iringa, Tupokigwe alitokea na kitenge begani na kopo la oili kwenye kikapu. Ikupa alikuwa ameshaachwa kwa jirani.

"Naenda nawe," alisema. Jailos alisogeza koti lake kutoka kwenye kiti, basi.

Walifika Rujewa jua likiwa bado kali. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga, vumbi la pumba lilikuwa limemvika kila mtu nyusi nyeupe. Msimamizi wa mashine, mzee mmoja wa Kihehe aliyeitwa Kalinga, alimpa Tupokigwe kigoda kivulini, akamletea uji. Tupokigwe alishukuru, akaushika ule uji, hakuunywa. Alipoona Jailos amelipeleka lori nyuma ya ghala, aliweka bakuli chini akazunguka upande wa pili, akapita katikati ya magunia mpaka alipoweza kuona bila kuonekana.

Jailos alikuwa amelala chali chini ya lori. Nati ya chini ilikuwa imefunguliwa. Oili ilikuwa inamwagika kwenye debe, ile oili nyeusi aliyoitoa Tupokigwe chini ya kitanda chake juzi tu, aliyokata lakiri yake kwa mkono wake. Debe lilipojaa, mfanyakazi wa mashine alilibeba akaondoka nalo kama mtu anayejua anakolipeleka. Kisha Jailos akatoa chini ya kiti kopo la buluu lisilo na lakiri, akamimina ndani ya injini kitu chepesi kwa macho, cha rangi ya asali, kinachopitisha mwanga kama mafuta ya kupikia.

Tupokigwe alishika gunia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele kwa nani? Mashine ni ya Kalinga, debe limebebwa na mtu wa Kalinga, na uji aliopewa ni wa Kalinga. Wote ni wamoja. Alirudi kwenye kigoda, akakaa, akatazama uji ukiganda. Nitanyamaza mpaka Iringa, alijiambia. Kule kuna watu wenye gari lao na dhamana yao. Kule atasema kwa mdomo wake.

Walipotoka Usangu na kuanza kupanda kuelekea Makambako, injini ilianza kugonga. Mara ya kwanza ilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Baadaye, kwenye mlima, ikawa kama mtu anayebisha kwa ngumi. Jailos alipunguza mwendo, akainamisha kichwa kusikiliza, na Tupokigwe aliona jasho kwenye paji lake ingawa upepo ulikuwa wa baridi.

"Beringi," Jailos alisema. "Zimeumia. Zimeumia siku nyingi."

"Zimeumizwa na nini?"

Jailos alibadilisha gia. "Tufike kwanza."

Unaogopa, Tupokigwe aliwaza, na alikumbatia kikapu chenye kopo lake kana kwamba lori lote lilikuwa mle ndani.

Walitambaa mpaka Iringa. Waliposhuka bondeni, wakavuka mto na kukipanda kilima cha mjini, watu walisimama kando ya barabara kusikiliza lori likilia. Jailos aliliingiza karakana, akazima, akashuka kumwita fundi. Tupokigwe hakupoteza nafasi. Alikwenda moja kwa moja dirishani kwa Edmund.

"Ulisema kweli," alimwambia. "Nimemwona kwa macho yangu. Anamwaga oili yenu Rujewa, anatia nyingine."

Uso wa Edmund ulichangamka kama wa mtu aliyepewa zawadi. Lakini hakumpeleka kando safari hii. Alipaza sauti ili karakana nzima isikie. "Meneja! Bwana Stavro! Njoo usikie. Mama mwenyewe anakiri gari limetiwa oili ya nje!"

Neno "anakiri" lilimgonga Tupokigwe kifuani. Alikuja kushitaki, sasa anaambiwa amekiri. Meneja alitoka ofisini, Mgiriki mnene mwenye mikono ya kazi, aliyekulia kwenye mashamba ya tumbaku na kuzungumza Kiswahili cha mashambani. Alisikiliza injini ikiwashwa mara moja, akakunja uso.

"Oili gani alitia?" aliuliza.

"Haijulikani," Edmund alidakia. "Ya kichochoroni. Dhamana hapo hakuna, bwana."

"Kama oili haijulikani, dhamana hakuna," meneja alisema, na alianza kugeuka.

Ndipo Tupokigwe alipoelewa alichokifanya. Alikuwa amekuja na mdomo wake mwenyewe kuua kitu alichokilinda tangu Juni, akakilaza chini ya kitanda, akakivalia ufunguo shingoni. Alimtafuta Jailos kwa macho. Jailos alikuwa amesimama kando ya fundi mkuu, akimtazama yeye. Alichokiona usoni mwa shemeji yake hakikuwa hasira, wala hofu ya mwizi. Alionekana kama mtu aliyepigwa na jiwe lililotoka nyumbani kwake.

"Ni kweli," Jailos alisema. "Nilibadilisha. Kila mara." Alipanda kwenye lori, akashuka na kopo la buluu, akampa meneja. "Hii ndiyo niliyotia. Namba yake ni ile iliyo kwenye kitabu cha gari. Niliinunua kwa mshahara wangu. Ile ya makopo yenu imekufa, bwana; Rujewa wanaipaka mbao za ghala kufukuza mchwa. Nilichelewa kuijua, na kila mara ilitembea mpaka Rujewa kabla sijaimwaga, ndiyo maana beringi zimeumia."

Edmund alicheka. "Dereva wa lori anatufundisha oili! Hii yetu amekwisha kuichezea huko kwao, sasa anasema imekufa. Bwana, mwite askari."

Meneja alilisoma kopo la buluu, akaligeuza, akalinusa. Fundi mkuu, Mhehe wa Kalenga aliyeitwa Liberatus, alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa, polepole mno, kama mtu ambaye hataki mikono iishe kufutwa. Tupokigwe aliwatazama mmoja mmoja. Alimshuku Edmund kwa kicheko chake, meneja kwa ukimya wake, fundi kwa kitambaa chake, na Jailos alishindwa kuacha kumshuku kwa sababu alikuwa amemshuku kwa muda mrefu mno. Lakini kichwani kulikuwa na kitu kidogo kinamkera, kama punje ya mchanga kwenye ugali.

"Bwana," alimwambia meneja. "Oili mpya, ambayo haijaingia kwenye gari lolote, ina rangi gani?"

Edmund alisema, "Mama, haya si mambo ya—"

"Nimemwuliza bwana."

Meneja alishangaa. "Rangi? Kama asali, mama. Unaona mpaka chini ya bakuli."

Karakana ilikuwa na kelele, lakini Tupokigwe hakuisikia tena. "Yangu ni nyeusi," alisema.

"Ikishatembea ndani ya injini inakuwa nyeusi."

"Haijatembea popote. Nyeusi kutoka kwenye kopo. Naikata mimi lakiri, naimimina mbele ya macho yangu, inatoka nyeusi kama maji ya kuoshea sufuria."

"Amebadilisha huyo dereva!" Edmund alisema kwa haraka.

"Abadilishe saa ngapi?" Sauti ya Tupokigwe ilipanda. "Kopo linalala chini ya kitanda changu. Ufunguo huu hapa shingoni. Jailos hajawahi kuvuka kizingiti cha chumba changu, wala hatakivuka. Unataka kusema nini juu yangu, wewe kijana?"

Mafundi wawili walicheka, wakajizuia. Tupokigwe alitoa kopo kwenye kikapu, lakiri yake nzima. Kisha akasita. Hilo nalo watasema limeharibikia Mbeya. Akalirudisha, akanyoosha kidole kwenye rafu ya Edmund, nyuma ya dirisha, makopo yalikopangwa yanang'aa. "Nipe lile. La pili kutoka mwisho. Ufungue hapa."

"Hayo yamekwisha kuuzwa," Edmund alisema. "Ngoja nikuletee jipya kutoka nyuma."

"Sitaki la nyuma. Nataka lile."

Edmund aligeuka kana kwamba hakusikia, akaelekea nyuma ya stoo. Meneja alimwita mara moja, kwa sauti ya chini, na Edmund akasimama. Liberatus ndiye aliyepita dirishani, akachukua kopo lile alilolionyesha mama, akaleta na bakuli jeupe la kunawia. Alikata waya. Akamimina.

Ilishuka nyeusi. Kwenye bakuli jeupe kila mtu aliiona, na ilipotulia ilikuwa na chembechembe zinazometa, unga wa chuma wa injini za watu wengine. Liberatus aligeuza kopo tupu chini juu, akapitisha kucha kwenye kitako chake. Palikuwa na doa la lehemu, dogo kama punje ya dengu, limepakwa rangi likafanana na kopo.

"Wametoboa chini," alisema. "Wakatoa nzuri, wakatia ya kumwagwa, wakaziba. Juu hawakugusa."

Tupokigwe alitazama doa lile. Muda wote alikuwa akilinda kifuniko.

"Ulijua?" meneja alimwuliza Liberatus.

"Nilishuku, bwana. Injini zilikuja zimeumwa namna moja. Lakini makopo si yangu, na mwenye makopo ni mtu wako." Aliinamisha kichwa. "Nilipaswa kusema."

"Na nani alikwambia, mama, oili lazima itoke hapa?" meneja alimwuliza Tupokigwe.

"Huyu."

"Kitabu hakisemi hivyo. Kinasema namba, kinasema iwe oili safi. Ukinunua Mbeya, Rujewa, popote, namba ikiwa hii, dhamana iko." Meneja alisema hayo akimtazama Edmund, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Edmund alianza kueleza juu ya madereva, juu ya mchuuzi fulani aliyemletea makopo, juu ya shemeji yake mwenyewe aliyekuwa mgonjwa. Penseli ilimwanguka sikioni. Walimfungia ofisini mpaka askari wa Boma alipokuja kumchukua, na alipopita mbele ya Tupokigwe bado alijaribu kumtazama kwa lile jicho la sisi-wawili-tu.

Lori lilitengenezwa kwa dhamana. Ilichukua siku kadhaa kupata beringi, na siku hizo Tupokigwe alilala Kalenga kwa mke wa Liberatus, Apolonia, mama mkarimu aliyempa kitanda cha karibu na moto. Usiku wa kwanza aliyanusa maji ya kuoga kabla ya kuyatumia, kisha akajionea aibu mwenyewe. Jailos alilala karakana, ndani ya lori. Tupokigwe alimpelekea chakula mchana. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akala akiwa amempa ubavu.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza siku ya pili.

"Nilikwambia."

"Ulisema mara moja tu."

"Mara moja ilinitosha kuona unavyonisikia."

Tupokigwe alikaa kwenye ubao wa kukanyagia wa lori. "Nilidhani unangoja nianguke. Wewe na wazee."

Jailos alitafuna polepole, akameza. "Wazee walikuja kwako jioni, shemeji. Asubuhi ya siku hiyo hiyo walikuwa wamekuja kwangu. Niliwaambia wakuache. Niliwaambia sitaki kumrithi mtu ambaye hajakubali, na mali ya kaka ni ya mtoto wake. Ndiyo maana walipokataliwa nawe hawakurudi. Walikuwa wamekwisha kukataliwa nami." Alimrudishia sahani. "Ndaga, asante kwa chakula."

Tupokigwe aliishika sahani tupu. Alitaka kusema samahani, na alisema, lakini neno lilikuwa dogo na karakana ilikuwa kubwa, na mafundi walikuwa wanagonga vyuma.

Jailos alilifikisha lori Iyunga likinguruma vizuri. Alilipaki uani, akakifuta vumbi kioo cha mbele, akaweka ufunguo mezani.

"Nimeitwa mwizi mbele za watu," alisema. "Na wewe ndiye uliyeenda kuniita. Sikuchukii. Ila siwezi kukaa kiti kile nikijua nyuma yangu kuna jicho. Tafuta mwingine."

Alienda Rujewa, Kalinga akampa kazi ya kuangalia injini ya mashine. Tupokigwe alimwajiri Asukile, kijana wa kanisani, dereva mwoga kidogo lakini mwaminifu. Au alijaribu kuamini hivyo. Ilikuwa kazi. Alikuwa na mazoea ya kuhesabu, kunusa, kuuliza mara mbili, na mazoea hayaondoki kwa kuambiwa. Ila alijifunza kujiuliza kwanza jambo hili: nani alinitia shaka hii, na yeye anapata nini nikiishika?

Kila lori lilipopita Rujewa, alinunua oili dukani hapo hapo, kopo la buluu. Alimwona Jailos mlangoni mwa mashine. Safari za kwanza walisalimiana kwa mikono iliyoinuliwa tu. Baadaye Jailos alikuja kusikiliza injini, akasema "Iko sawa," akaondoka. Mvua zilipoanza, barabara ikawa tope, lori likazama karibu na Chimala. Yeye ndiye aliyefika na minyororo na watu wa kulivuta, bila kuitwa. Alifanya kazi mpaka matope yakamfika kiunoni, akakataa malipo, akanywa chai aliyopewa akiwa amesimama.

Jumapili ya Matawi, Ikupa alipata kipaimara. Tupokigwe alikuwa amepeleka salamu Rujewa kwa mdomo wa Asukile, bila tumaini kubwa. Ibada ilipokwisha, watu walipokuwa wanakaa uani kwa chakula, Jailos aliingia na gunia la mchele begani. Alikwenda akakaa upande wa ndugu wa baba. Tupokigwe alimwandalia mwenyewe, akampa maji ya kunawa akiwa amepiga magoti kama desturi inavyotaka, na Jailos hakumzuia. Alikula. Alimpa Ikupa mkono, akamwita kwa utani mama yake, akamchekesha.

Kisha akainuka, akaenda kwenye lori lililoegeshwa kando ya migomba. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakiinua kwenye mwanga.

"Nani anabadilisha oili?" aliuliza.

"Mimi," Tupokigwe alisema.

"Asukile?"

"Asukile anashika taa. Nati naifungua mimi."

Jailos alimtazama, kitenge chake kipya cha kanisani na viatu vyeupe. "Nionyeshe unavyofunga hiyo nati. Wengi wanaikaza mno, inakatika."

"Sasa hivi?"

"Gari linasafiri kesho."

Wageni walikuwa wanaita kwamba wali unapoa. Tupokigwe alivua viatu, akaviweka juu ya madigadi ya lori, akatandika gunia chini. Jailos alikuwa amekwisha kulala upande wa pili, anamngoja, amenyoosha mkono wenye spana.